Mmiliki wa Majike Arobaini na Moja

Jumatatu ya pili ya mwezi wa pili, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Kasmiri Jilala alikuwa juu ya ngazi akifunga bango kwenye lango la ghala la pamba, pembeni kidogo mwa mji wa Bariadi. Ghala lilikuwa tupu kwa kuwa msimu wa kununua pamba ulikuwa bado, na mwenye ghala alikubali kuliazimisha kwa sharti moja tu, kwamba mbwa wasikojolee mizani. Bango liliandikwa HASI MBWA WAKO, LINDA JAMII YAKO. Chini ya maandishi kulikuwa na picha ya mbwa mweupe mwenye manyoya ya mviringo, aliyenyolewa kiuno. Mbwa wa namna hiyo hajawahi kukanyaga Simiyu. Kwa hiyo siku ile ya kwanza watu watatu walileta kondoo.

Kasmiri aliwahudumia. Alikuwa daktari wa mifugo kwa miaka kumi na tisa, na koleo lake la kuhasia lilijulikana kwa mafahali wa kila zizi kuanzia Sapiwi hadi Mwanhuzi.

"Nilikaa Morogoro miaka mitano nikisomea upasuaji," alimwambia karani wake jioni ile, "nimerudi kuhasi kondoo kwa sababu ya picha."

Karani aliitwa Shida, mwanamke wa makamo ambaye hakupiga mstari bila rula. Aliandika kwenye daftari: Mbwa, sifuri. Kondoo, watatu.

Mradi wenyewe uliitwa Mbwa Wachache Wenye Afya, wa shirika moja dogo lenye ofisi Mwanza. Ulikuwa wa ruzuku. Shirika lililipia dawa ya usingizi, nyuzi na glavu, na mwenye mbwa alichangia bei ya soda mbili, tena wiki ya kwanza hata hizo soda zilisamehewa. Kilichotakiwa ni sahihi tu. Fomu ilikuwa na mistari kumi na minne, na mstari wa mwisho ulisema: Sahihi ya mmiliki wa mbwa.

Sababu ya mradi kila mtu aliijua. Mbwa walikuwa wamezidi. Walilala machinjioni, sokoni na kwenye ngazi za kanisa, na mwaka uliotangulia kichaa cha mbwa kilipita vijijini. Watoto waliong'atwa walikimbizwa kuchomwa sindano, na mmoja hakuwahi. Kwa hiyo hakuna aliyepinga mradi. Watu waliusifia, kila mmoja akisubiri mbwa wa mwenzake aanze.

Jumanne mzee mmoja alieleza kwamba dume lake likihasiwa, wezi watasikia tofauti kwenye kubweka. Jumatano mwalimu mstaafu alisema yeye hana kinyongo na sayansi, ila mbwa wake anaitwa Mtanikoma, na mbwa mwenye jina hilo akihasiwa majirani watalichukulia vingine. Kasmiri alizunguka na pikipiki na kipaza sauti mpaka koo likakauka. Alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye kuta za maduka, akaona ni sauti ya mtu anayeuza sumu ya panya.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shida alipokuja kufungua lango, alikuta foleni. Ilianzia langoni, ikafuata ukuta wa ghala, ikapinda hadi barabarani. Walikuwa mbwa majike, peke yao. Kila mmoja aliketi nyuma ya mwenzake, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyechomekea. Shida alipita pembeni akawaambia daktari huingia saa moja na nusu.

Mbele kabisa aliketi mbwa mzee wa rangi ya vumbi, nusu ya sikio lake la kushoto haipo.

"Mwangaluka," mbwa huyo alimwamkia Kasmiri alipokuwa akiegesha pikipiki.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, ng'wana Jilala."

Kisukuma chake kilikuwa cha upande wa Meatu, si Kinyantuzu cha Bariadi, kwa hiyo Kasmiri akamwuliza kama ametoka Mwanhuzi. Mbwa akajibu kwamba ametoka Bukundi, na kwamba njiani vumbi ni jingi.

"Mimi si mgonjwa wako," alisema. "Nimezeeka, mambo hayo yameniacha. Nimewasindikiza hawa. Wamesikia tangazo."

Kasmiri alifarijika. Tangu Jumanne huyu alikuwa wa kwanza kukiri kwamba amesikia tangazo. Akaingia ndani, akavaa koti jeupe, akatoa fomu ya kwanza, akasoma mistari yote kumi na minne kana kwamba ni mipya. Kisha akatoka.

"Nahitaji wamiliki," alisema.

"Wamiliki wamekataa. Ndiyo maana tumekuja sisi."

"Naelewa. Lakini fomu inataka sahihi."

Mbwa mzee aliitazama fomu. "Mimi nimezaa sabini na wawili," alisema. "Ninaojua walipo ni watatu. Hapo hakuna mstari wa kuandika hilo?"

Kasmiri alitafuta. Mstari wa tisa uliuliza rangi ya manyoya. Mstari wa kumi uliuliza kama mbwa anapenda wageni.

Alimpigia simu mratibu wa mradi, Madam Monika, kule Mwanza. Alimweleza kwamba wamekuja arobaini na moja, bila wamiliki, kwa miguu yao.

"Arobaini na moja?" Madam Monika alisema. "Hongera sana, daktari. Wapige picha, na bango lionekane."

"Niwafanyie?"

"Fomu zimejazwa?"

"Hawana wa kusaini."

"Basi warudi na wamiliki. Lakini picha nitumie kabla ya saa sita, nina ripoti."

Picha ilipigwa. Mbwa walisogea mara mbili ili bango liingie vizuri. Baadaye Kasmiri aliwatangazia warudi na wamiliki, nao wakaondoka kwa utaratibu ule ule, wa nyuma wakitangulia. Yeye aliingia ndani akanywa chai. Alijisikia kama mtu aliyesomeshwa miaka mitano ili alinde mstari wa kumi na nne, na aliona ameulinda vizuri.

Ijumaa walirudi. Wamiliki hawakuja nao, lakini kila mbwa alikuwa na kitu cha mmiliki mdomoni, kama kandambili, kofia au kifuniko cha redio. Mmoja alileta shati la mtu mkubwa serikalini, lililopigwa pasi.

"Shati si sahihi," Kasmiri alimwambia, na Shida akaliandika kama lilivyo.

Kwenye saa tatu ilifika bodaboda, akashuka mwanamke mwenye kitenge cha njano, amebeba ndoo tupu. Aliitwa Milembe, au mama Winnie, mke wa Mayige, kutoka kitongoji kimoja upande wa Sapiwi, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Aliwasalimia, akapita pembeni mwa foleni akiangalia mpaka akamwona mbwa mwekundu mwenye shingo nyeupe.

"Huyu ni wetu," alisema. "Anaitwa Watasema. Aliondoka alfajiri wakati nakwenda kuchota maji, nikamfuata. Nikasikia bodaboda wanasema wako huku."

"Basi mmiliki amepatikana," Kasmiri alisema, akampa kalamu upesi. "Saini hapa, mama Winnie."

Milembe aliishika kalamu bila kuandika. "Mbwa ni wa baba Winnie," alisema. "Mimi nampa ugali tu."

Kasmiri akamwuliza huwa wanafanya nini na watoto wa Watasema. Aliuliza kwa sababu ya mstari wa kumi na moja, ulioulizia mbwa wengine walioko nyumbani. Milembe alijibu bila kuinua sauti. Watasema alikuwa amezaa mara sita. Kila akizaa, baba Winnie husema yeye hana roho ya kuua kiumbe. Mama mkwe naye hana roho hiyo. Kwa hiyo kazi alipewa Milembe, maana hakuna aliyemwuliza kama anayo. Huwaweka kwenye mfuko wa pamba, na jiwe, akaenda nao lamboni. Anaenda mchana, wakati ng'ombe hawajaletwa kunywa, ili asikutane na mtu. Akirudi hupika.

"Mara ya mwisho jiwe lilikuwa dogo," alisema. "Nikasubiri kidogo."

Shida alishusha rula. 

Kasmiri alimpigia Mayige simu, akaweka sauti kubwa ili Milembe asikie. Mayige alikuwa mtu mpole, mwenye adabu kwa wataalamu.

"Daktari, heshima yako naijua," alisema. "Lakini mbwa jike kuzaa ni baraka ya zizi. Mwaka aliozaa saba, na mimi nilipata ndama saba."

"Na hao mbwa saba wako wapi, mzee Mayige?"

"Ah, hayo ni mambo ya ndani. Anayajua mama Winnie."

"Ni sahihi tu. Hata kesho ukipita mjini."

"Tutaona mwakani, daktari. Mungu akipenda."

Simu ikakatika. Milembe aliirudisha kalamu mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Kasmiri akaamua kufanya alichojua kufanya, yaani kuorodhesha. Alichukua chaki akapita kwenye foleni akiwapa namba. Siku ya kwanza hakuwa amewatazama usoni, kwa sababu ukimtazama mgonjwa usoni unaweza kumpokea. Sasa alilazimika. Alitazama wa kwanza, wa pili, wa kumi. Alipofika kwa namba kumi na saba akasimama.

Namba kumi na saba alikuwa Huruma, mbwa wake mwenyewe. Mdomoni alikuwa na soksi ya Kasmiri ya bluu, ile yenye tundu.

Shida alikuja akatazama. Milembe naye akaja. Bodaboda aliyemleta Milembe, aliyekuwa bado anasubiri nauli yake, alisogea pia.

Kasmiri alikuwa amepanga kumfanyia Huruma upasuaji tangu mwaka juzi. Kwanza alisubiri mvua zikatike. Kisha alisubiri mradi uanze, asije akaonekana anajipendelea. Mradi ulipoanza alisubiri wananchi watangulie. Katika muda huo Huruma alizaa kumi na wanane, na Kasmiri akawagawa wote kwa wageni, hata kwa waliokuja kuomba chumvi. Hakuwa amewahi kuuliza walikoishia. Kwenye mikutano ya hadhara alikuwa na hotuba ya dakika ishirini kuhusu wananchi wasiowajibika, na mke wake, Lukresia, alizoea kuisikiliza akiwa amempakata mmoja wa wale watoto.

"Huyu mmiliki wake yupo?" Shida aliuliza, kalamu tayari.

"Yupo," Kasmiri alisema. "Ni mjinga mmoja hivi."

Akaweka fomu juu ya goti, akasaini.

Mbwa mzee wa Bukundi alikuwa amesogea bila kelele. "Kumbe kalamu yako inaandika," alisema.

 Kasmiri aliingia ndani, akakaa mezani muda wa kutosha chai kupoa. Kisha akamwita Shida, akamwomba fomu arobaini zilizobaki. Alianza na ile ya Watasema. Kwenye mstari wa mmiliki akaandika Kasmiri Jilala, kwa herufi kubwa, na chini akaweka sahihi. Akachukua ya pili, akaandika Kasmiri Jilala. Kufikia ya ishirini mkono ulikuwa unauma, na jina lake lilikuwa limeanza kuonekana kama la mtu mwingine, jasiri kidogo kuliko yeye. Shida alipiga muhuri kila moja kimya kimya. Mara moja tu alisema, "Daktari, sasa una mbwa wengi."

Alifanya upasuaji tangu mchana wa Ijumaa hadi Jumatano. Mbwa walipanda mezani wenyewe. Waliogopa sindano kama viumbe wote, lakini hakuna aliyeng'ata. Milembe alibaki siku ile ya kwanza, akamshikilia Watasema kichwa mpaka macho yakalegea, na alipoona kilichotolewa, kitu kidogo kinachotosha kwenye kiganja, alikitazama sana.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hicho tu."

"Mimi nilidhani ni kitu kikubwa."

Jumatano jioni mbwa wa mwisho alipoamka, mbwa mzee aliaga. Kasmiri alimpa maji na mabaki ya utumbo kutoka machinjioni. Mzee alikula kwa adabu, akashika njia ya Meatu, na huo ukawa mwisho wa kuonekana kwake Bariadi.

Mwezi wa nne ilikuja bahasha kutoka Mwanza. Ndani mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha pongezi kwa daktari aliyefanya upasuaji mwingi kuliko wote katika mradi, pamoja na ile picha ya foleni, rangi safi kabisa. Ya pili ilikuwa onyo. Ilieleza kwamba mradi ulilenga kuwafikia wamiliki mia mbili, na kwa mujibu wa fomu, huko Bariadi alikuwa amefikiwa mmiliki mmoja tu. Mmiliki huyo alikuwa na majike arobaini na moja, kiasi ambacho wataalamu walikiita tabia hatarishi. Barua ilipendekeza apewe elimu.

Kasmiri aliitwa Mwanza akapewa elimu. Ilikuwa semina ya siku mbili, yeye akiwa mshiriki pekee, na nusu ya mada zilitoka kwenye hotuba yake mwenyewe. Alikuta hotuba ile ni ndefu mno. Mwishoni alisaini hati ya kuahidi kwamba hatasaini tena kwa niaba ya mmiliki yeyote.

Alijaribu kupendekeza kwamba fomu iongezwe mstari mmoja, Jina la anayemlisha mbwa. Madam Monika aliuona ni mzuri. Alisema utajadiliwa fomu zilizokwisha chapishwa zikiisha, na zilikuwa zimechapishwa elfu tisa.

Huko nyumbani watu waliipokea habari kwa utulivu. Kwa kuwa karatasi zilisema mbwa ni wa Kasmiri, walimletea mashtaka. Mbwa wake amekula kuku Sapiwi. Mbwa wake ameingia kwenye harusi. Mbwa wake, ambaye sasa hazai, amenenepa na anawadharau wenzake. Kasmiri alipokea kila shtaka, akaomba radhi. Wakaanza kumwita Baba Arobaini na Moja, na yeye akaitika, maana jina hilo lilikuwa na ukweli zaidi kuliko Daktari. Kisha watu wakaanza kuacha watoto wa mbwa getini kwake, kwenye maboksi, kwa kuwa yeye anawapenda. Lukresia alihesabu maboksi mpaka akaacha.

Kuhusu Mayige, yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria. Aliposikia Watasema ni wa daktari, alisema basi na iwe hivyo, akamruhusu aendelee kulala uani kama mgeni. Yeye akatafuta jike lingine, changa, jeusi, akaliita Hamuwezi.

Hamuwezi alifika kwa Kasmiri mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, peke yake. Mradi ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tano, na ghala lilikuwa limejaa pamba, pamba ikauzwa, likawa tupu tena. Kwa hiyo mbwa alikuja moja kwa moja nyumbani, akaketi mbele ya mlango. Tumbo lake lilikuwa limeshuka.

Kasmiri alikuwa na chupa moja ya dawa ya usingizi iliyobaki, kwenye friji, nyuma ya maziwa. Ilitosha mbwa mmoja. Aliitoa, akaisoma tarehe, akaiona bado nzima. Akaenda kabatini akachukua fomu, na kando ya fomu ilikuwepo ile hati yake ya ahadi. Alizitazama zote mbili. Kisha akampigia Mayige.

"Mzee Mayige, mbwa wako yuko hapa. Sahihi ni dakika moja. Mimi nitakuja huko huko ulipo."

"Asante sana kwa kunijulisha, daktari. Nilikuwa namtafuta. Namtuma mama Winnie aje amchukue."

"Na sahihi?"

"Mwakani, daktari. Mwaka huu ng'ombe hawajakaa vizuri."

Kasmiri alirudisha chupa nyuma ya maziwa. Alijiambia kwamba mtu hawezi kuwa jasiri mara mbili kwa mwaka, tena ana watoto wa kusomesha. Akampelekea Hamuwezi maji.

Milembe alifika baada ya saa saba. Alikuwa amekuja kwa miguu, na miguu imevimba. Lukresia alimtolea kiti kivulini, akamletea uji, akamwuliza ni miezi mingapi.

"Saba," Milembe alisema. "Huyu ni wa nane."

Alikunywa uji wote. Alimtazama mbwa, mbwa akamtazama yeye. Kasmiri alisimama karibu, mikono mifukoni, akieleza kuhusu fomu, hati na chupa, akieleza mno, kama ilivyo kawaida yake.

"Daktari," Milembe alisema alipomaliza, "kwa watu nako kuna fomu?"

"Mimi ni wa mifugo, mama Winnie. Nenda zahanati. Hawatakiwi kukuomba sahihi ya mtu."

"Nilikwenda. Nesi mmoja akaniambia nirudi na baba watoto."

"Na baba Winnie anasemaje?"

Milembe alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho yeye na mwulizaji wote wanamfahamu muuzaji wake.  Alimshukuru Lukresia kwa uji, akajifunga kitenge upya, chini ya tumbo.

Kasmiri alikwenda barabarani kutafuta usafiri. Bodaboda wa kwanza alisema habebi mbwa. Wa pili alisema habebi mjamzito, akiumia atasemwa yeye. Wa tatu alikuwa tayari kubeba mmoja wao, wachague. Milembe alisema hapana, watatembea, kuja hakukuwa mbali na kurudi hakutakuwa mbali.

Alimwita mbwa kwa mdomo, naye akainuka. Wakatoka getini, wakashika barabara ya Sapiwi, Milembe mbele na Hamuwezi nyuma yake. Walikwenda polepole sana, wote wawili kwa sababu moja. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza, Milembe alisimama akashika kiuno. Mbwa naye akaketi, akamsubiri mpaka pumzi imrudie.